Kisu cha Mwenye Shoto

Kwetu Strathorran, huku Uskoti, kisu hakitolewi bure. Ukimpa mtu kisu, hata cha kumenyea viazi, lazima akuwekee sarafu kiganjani, hata peni moja iliyochakaa, ili ihesabike amekinunua. Kisu cha bure hukata urafiki. Chekeni mkitaka. Mchungaji wetu, ambaye kila mwaka hutuhubiria dhidi ya ushirikina, siku aliyopewa kisu cha mkate nilimwona kwa macho yangu akijipapasa mifuko yote mpaka jasho likamtoka.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia mwishoni kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua.

Naitwa Murdina, wengi huniita Dina. Baba alikuwa ameshaapa kwamba mtoto wake wa kwanza ataitwa Murdo, jina la babu, na nilipozaliwa msichana hakuona sababu ya kuhangaika upya. Akaliongezea mkia jina lilelile, basi. Miaka minne baadaye akaja ndugu yangu Lachlan, mtoto wa kiume waliyekuwa wakimngoja, na jina la babu lilikuwa limeshachukuliwa. Nafikiri hilo hakunisamehe hata siku moja.

Baba alikuwa akipeleka barua bonde zima, na alikuwa mpiga zumari la mfuko. Muda uliobaki alitengeneza ndimi. Ulimi ni kile kipande cha mwanzi, hakizidi kidole cha mtoto, kinachokaa ndani ya zumari na kutoa sauti. Bila ulimi una mfuko wa ngozi na vijiti. Ulimi ukiwa mgumu, mpigaji anapuliza mpaka aone nyota mchana. Ukiwa laini mno, unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ili upate katikati unakwangua mwanzi kidogo, unapuliza, unakwangua tena kidogo zaidi. Hapo ndipo unapohitaji kisu, na mkono.

Kisu chake alijitengenezea mwenyewe. Kilikuwa kisu cha soksi, kile ambacho mtu aliyevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa kwetu, hukichomeka chini ya goti, mpini ukichungulia nje ili wenyeji waone kwamba hakuficha silaha. Wengi huvaa kwa urembo, bapa lenyewe halikati hata siagi. Cha Baba kilikuwa cha kazi. Mpini ulikuwa wa pembe ya kulungu, na ubavuni mwa mpini alitia ufa mwembamba, ndani yake amekunja vitu vitatu: bisibisi ndogo ya kukazia vibati vya zumari, sindano nene ya kuzibulia matundu yake, na kifungua chupa. "Hicho cha tatu ndicho chenye kazi nyingi," alikuwa akisema, na Mama hacheki.

Lakini mambo yalikuwa kwenye makali. Kisu cha kawaida hunolewa pande mbili. Cha kukwangulia ulimi hunolewa upande mmoja tu, na upande wa pili hubaki bapa tupu, ili kiteleze juu ya mwanzi bila kuuchimba. Sasa, upande gani unanolewa, hiyo inategemea mkono wa mwenyewe. Baba alikuwa na shoto. Mimi pia nina shoto. Shuleni mwalimu alinichapa viganja kwa mkanda niandike kwa kulia, nikarudi nyumbani nalia, na Baba akanipeleka kwenye kibanda chake cha kazi, akanipa kisu na mwanzi, akasema, "Hapa mkono wako ndio mkono sahihi. Kaa."

Nilikaa. Nimekaa pale miaka hamsini na sita.

Baba alipofika miaka sitini na mitano mikono ilianza kumtetemeka. Asubuhi moja aliharibu ndimi tatu mfululizo. Akakiweka kisu mezani, akakitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kiganja kwangu.

"Nipe sarafu," akasema.

"Baba, ya nini?"

"Nipe sarafu, mtoto wewe, kabla sijabadilisha mawazo."

Nilikuwa na peni kumi kwenye aproni. Nikampa. Akakisukuma kisu upande wangu, akaitia ile sarafu kwenye mfuko wa kizibao, na humo ilikaa mpaka alipofariki. Tulimzika nayo. Basi kisu kikawa changu, nimekinunua kwa mwenyewe, akili zake timamu.

Mwaka huu mwezi wa Mei Lachlan alikuja. Yeye anaishi Edinburgh, ni mtu wa benki, na huja kwetu Krismasi na msibani. Binti yake Kirsteen alikuwa anaolewa Juni hapa hapa, kanisani kwetu, kwa sababu Mkanada aliyemchumbia alitaka milima kwenye picha.

"Dada," akasema, hata koti hajavua, "nina ombi moja tu."

"Moja? Yale mengine umeyaacha garini?"

Akacheka. Lachlan ana kicheko kizuri, amekirithi kwa Baba, na najua anakitumia. "Niazime kile kisu. Siku moja. Nataka nimtoe Kirsteen nikiwa na Baba mguuni."

"Si unacho chako wewe, kile cha fedha chenye jiwe la zambarau?"

"Kile cha dukani, dada. Hakina mtu ndani yake."

Hapo moyo wangu ukalainika, mjinga mimi. Nikakumbuka kwamba hata yeye alifiwa na baba. Nikakitoa kwenye msumari kando ya jiko, ambako hukaa siku zote, nikampa. Sikumdai sarafu, kwa sababu cha kuazima hakiuzwi.

"Lakini harusi ni baada ya wiki tatu," nikasema.

"Nikisafishe kwanza. Nikitie mafuta, ala yake ipigwe rangi."

"Si nikisafishe mimi?"

"Aa, dada! Uchafue mikono yako bure."

Alhamisi iliyofuata nilimsimulia Hector. Hector ni fundi wa pembe, anachonga fimbo za wachungaji na mipini, kibanda chake kiko chini kidogo ya kwangu, baada ya daraja. Mkewe alifariki miaka kumi na mbili iliyopita, na tangu hapo kila Alhamisi saa kumi jioni anakuja kwangu kunywa chai. Mimi naoka skonzi, yeye analeta maneno ya bonde. Watu walishatuoza zamani. Sisi tulikuwa tunakunywa chai tu, lakini sitadanganya, Alhamisi nilikuwa nachana nywele.

"Alipita kwangu pia, Lachlan," Hector akasema.

"Kutafuta nini?"

"Fimbo," akasema, akiangalia kikombe. "Anataka fimbo."

Harusi ilikuwa nzuri. Nilipiga zumari kutoka mlangoni mpaka altareni, na nilimwona ndugu yangu akipita na binti mkononi, kisu cha Baba kwenye soksi ya kulia. Mguu usio wa kile kisu, lakini kilipendeza. Baadaye Todd, bwana harusi, kijana mrefu mwenye meno mengi, injinia wa mafuta huko Calgary, akaniuliza ule mfuko wa zumari unalishwa nini. Nikamwambia wageni. Alicheka kwa heshima, akarudi nyuma hatua moja.

Jumatatu Lachlan akapita njiani kurudi Edinburgh, akanipa kisu kimefungwa kwenye kitambaa cha flana. "Asante, dada. Baba angefurahi." Akanibusu shavuni. Nikakichukua, nikakitundika kwenye msumari wake. Sikukikagua. Nani hukagua kitu alichorudishiwa na ndugu yake?

Juni na Julai huwa sikwangui. Kazi ya ndimi ni ya miezi ya baridi, na wakati huo nauza nilizozitengeneza na kushona mifuko. Kwa hiyo kisu kilikaa msumarini wiki sita, na Hector akaja Alhamisi sita, akaketi kwenye kiti chake kilekile kinachotazamana na jiko. Shikeni hilo.

Siku ya michezo yetu ya kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Julai, nilikivaa kisu kwenye soksi ya kushoto kama ninavyovaa kila mwaka, nikaenda uwanjani. Bendi yetu ilikuwa inashindana. Kiongozi wake, Shona, mama mwenye mwili na sauti, akaja kwangu nyuma ya mahema mbio mbio, watu kumi na wanne wa bendi nyuma yake.

"Dina, mpenzi, niokoe. Ulimi wangu umekaza. Nikipuliza hivi mpaka mwisho mtanizika na zumari mdomoni."

"Leta hapa. Kelele nyingi."

Nikaketi juu ya sanduku la ngoma, nikatoa kisu, nikauweka ulimi juu ya kidole gumba, nikakwangua mara moja. Kisu kikachimba. Mwanzi ukatoka vipande. Shona akanipa ulimi wake wa akiba, nikavuta pumzi, nikakwangua taratibu. Ukapasuka katikati mbele ya macho yao wote.

Wote wakatazama viatu vyao. Ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Shona akaniwekea mkono begani akasema, "Haidhuru, Dina, ni unyevu tu." Unyevu gani? Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili, jambo ambalo kwetu linatangazwa redioni. Akapiga kwa ulimi wa kuazima, bendi ikawa ya nne kati ya bendi tano.

Mimi nilikuwa nimetimiza miaka sitini na minne. Nilikwenda nyumbani nimeficha mikono kwapani, na kichwani nina sauti moja tu: Baba alianza hivi. Ndimi tatu kwa asubuhi moja, kisha akaketi dirishani miaka kumi na tatu akitazama mikono yake.

Alhamisi Hector akaja. Sikuwa nimeoka. Nilimwambia yote, na nililia mbele yake, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya Mama sikulia mbele za watu.

"Imekwisha, Hector," nikasema. "Mikono imekwisha. Bila kazi hii mimi ni nani?"

Akanishika mkono. Ana vidole vikubwa, vina makovu ya msumeno. Akaangalia jikoni, akaniangalia mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Sote tunazeeka, Dina. Pumzika kidogo."

Nilimshukuru! Haki ya Mungu, nilimshukuru kwa maneno hayo, nikamfungia mkate wa shayiri aende nao nyumbani.

Nikapumzika. Nikaenda kwa daktari mjini, akanifanya ninyooshe vidole, niguse pua, nibane mpira. Akasema hana analoliona. Nikaona anaficha. Maagizo ya ndimi yalikuja, nikayarudisha, nikawaandikia watu kwamba mzee amestaafu. Usiku nilikuwa nikiegemeza mikono juu ya blanketi nione kama inacheza. Ukikitazama kiganja chako sana, lazima kicheze.

Katikati ya Agosti nikaamua. Kisu kisife pamoja nami msumarini. Nitampa Shona, ana shoto pia, bado ana miaka arobaini, nitamdai sarafu kama nilivyodaiwa. Lakini kisu hakikabidhiwi butu. Basi asubuhi ile nikalitia jiwe la kunolea maji, nikakichomoa kisu alani, nikakilaza upande wa bapa kama Baba alivyonifundisha, nacho hakikulala.

Nikakigeuza. Kikalala.

Nikasimama pale maji yananitiririka mkononi. Nikakipeleka dirishani, nikavaa miwani. Kimenolewa upande wa pili. Kisu cha mtu wa mkono wa kulia. Nikaugeuza mpini. Mchirizi wa pembe ambao kwa miaka yote ulinikaa chini ya kidole gumba sasa ulikuwa ng'ambo ya pili, sawasawa kabisa lakini ng'ambo. Pembe ya pili ya kulungu yuleyule! Nikafungua bisibisi, sindano, kifungua chupa. Vyote vipo, vizuri, vimezeeshwa kwa chai na moshi. Kifungua chupa cha Baba kilikuwa na pengo alilolipata siku ya harusi yangu ambayo haikufanyika, na hiki nacho kilikuwa na pengo. Mtu alikuwa ameketi na tupa akalichora pengo langu.

Nilitazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umetulia tuli. Lo! Nilianza kucheka, kisha nikaenda kwenye simu.

"Lachlan. Kisu cha Baba kiko wapi?"

"Habari za asubuhi na wewe, dada."

"Habari zangu unazo wewe. Kiko wapi?"

"Usipaze sauti, niko kazini. Kwani hicho ulichonacho hakikati?"

Hakuona hata aibu ya kukana. Nikamwuliza tena kiko wapi, naye akanieleza kwa ile sauti yake ya kuwanyima watu mikopo. Alikuwa mtoto wa kiume pekee. Kisu cha soksi ni kitu cha wanaume, tangu lini mwanamke akarithi kisu cha soksi? Mimi sina mtoto, nikifa kitauzwa na sahani. Kwa hiyo amempa mkwewe, kimekwenda Calgary, na mimi amenitengenezea kingine nisikose cha kufanyia kazi. Nilipaswa kuona alivyonijali.

"Todd alinipa dola moja ya Kanada," akasema. "Mila imetimia. Ni chake sasa."

"Hukuwa nacho cha kumwuzia! Mimi nilimlipa Baba. Peni kumi, mkononi."

"Na hiyo sarafu iko wapi?"

"Unajua iko wapi. Wewe ndiye uliyefunga vifungo vya kizibao chake."

"Basi kamwulize yeye," akasema ndugu yangu.

Wala hakuishia hapo. "Na usinitazame mimi peke yangu kama shetani. Mwulize huyo mchumba wako wa chai. Nani unadhani alikichonga?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekikaribisha, nikakipakia siagi na jamu.

Ilikuwa Jumanne. Sikwenda kwa Hector. Nilingoja Alhamisi, nikaoka skonzi, nikachemsha chai, nikakilaza kile kisu katikati ya meza juu ya kitambaa cha flana, vyombo vyake vyote vitatu vimefunguliwa. Saa kumi akagonga, akafuta viatu, akaingia akisema jambo kuhusu kondoo wa mtu fulani. Akakiona. Sentensi ya kondoo haikuisha.

"Keti," nikasema.

Akaketi. Nikammiminia chai, maziwa kwanza, anavyopenda.

"Kazi nzuri," nikasema. "Hata pengo umeliweka."

"Dina..."

"Kunywa chai."

Hakunywa. Akazungumza akiitazama meza. Lachlan alimwambia anataka nakala yake mwenyewe, ya kuvaa Edinburgh, cha asili kirudi kwangu. Akamwambia asinieleze, ni siri ya furaha, atanionyesha siku ya harusi tucheke. Ndiyo maana alisema fimbo. Ile pembe ya pili alikuwa nayo tangu enzi za baba yake, ambaye ndiye aliyempa Baba ya kwanza. Na makali aliyanoa kwa mkono wa kulia kwa sababu Lachlan anatumia wa kulia.

"Sikujua, Dina. Nakuapia. Nilifanya kwa nia safi."

"Nakuamini," nikasema, na ilikuwa kweli. Uso wake ukapata nuru kidogo, maskini. "Sasa niambie ulijua lini."

Nuru ikazimika.

"Hector. Unakaa kwenye kiti hicho. Msumari ule pale. Ulijua lini?"

"Alhamisi ile ya kwanza," akasema. "Baada ya harusi. Nilivyoingia tu. Kazi ya mkono wako unaijua."

"Na ukala skonzi ngapi siku ile?"

"Dina, alikuwa amenitafutia duka Edinburgh. Fimbo zangu ziko dirishani, jina langu limeandikwa. Umri wangu huu, mara ya kwanza. Nikasema nikinena atanifungia. Nikasema pengine hutagundua, kitakata vilevile. Kila wiki nilikuja nimekusudia kukwambia."

"Alhamisi kumi."

"Sikuzihesabu."

"Mimi nimezihesabu. Sita kabla ya michezo, nne baadaye."

Akaanza kulia, mzee mzima, machozi yakishukia ndevu. Na mimi, niwaambie ukweli, nilimwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira.

"Kisu ningekusamehe," nikamwambia. "Umedanganywa, na mimi nimedanganywa, tungekwenda wote wawili kumtukana Lachlan dirishani kwake. Duka ningekusamehe. Lakini nilikaa hapa, hapa, nikakuonyesha mikono yangu, nikakwambia imekwisha. Na wewe ulijua haina tatizo. Ulijua ni kisu. Ukaushika mkono wangu huu ukaniambia tunazeeka."

"Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa wazi."

"Niliuona. Nikadhani unanihurumia."

Hector akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakivuta kile kisu kwake, akavikunja vyombo vyake kimoja kimoja kwa utaratibu, kama fundi anavyofunga kazi yake.

"Cha baba yako siwezi kukirudisha," akasema. "Nitamwandikia yule kijana Kanada, nitajaribu. Lakini hiki ni pembe ileile, kulungu yuleyule. Lachlan hakunilipa bado, kwa hiyo ni changu kukitoa. Nakupa wewe. Niachie dakika ishirini nitakinoa upande wako, na kitakuwa chako kwelikweli." Akakisukuma mbele yangu, akanyoosha kile kiganja chake kikubwa juu ya meza. "Nipe peni moja, Dina. Yoyote."

Kwenye meza, kando ya sukari, lipo kopo ninaloweka chenji ya maziwa. Kila anayeingia kwangu analijua kopo lile. Lilikuwa karibu na kiwiko changu. Hector akalitazama, mimi nikalitazama.

Nikakichukua kisu. Nikakifuta kwa flana, nikainuka, nikakitundika kwenye msumari wake kando ya jiko, nikarudi nikaketi.

"Asante," nikasema.

Kiganja chake kilibaki pale mezani kimefunguka. Alingoja. Alikuwa mtu wa bonde hili kama mimi, alikuwa anajua anachongoja, na aliendelea kungoja muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza. Nikanywa chai yangu mpaka chini. Mwisho akaufunga mkono ule taratibu, kiganja kitupu, akauweka mfukoni, akachukua kofia yake. Mlangoni hakugeuka.

Kisu nilikinoa mwenyewe jioni ileile, upande wangu. Kinakata vizuri.